Sekunde Arobaini za Genoveva

Zuwena Shaaban alirithi kampuni ya rekodi kutoka kwa kaka yake, na pamoja nayo akarithi mashine ya kunakili kanda ambayo hakuna aliyetaka kuinunua hata kwa bei ya chuma chakavu. Kaka yake, marehemu Tawakali, aliifungua kampuni hiyo Lindi mjini, mtaa wa Mtanda, enzi ambazo kwaya na vikundi vya taarabu vilikuwa vinakuja kurekodi kwa nauli zao wenyewe. Akaiita Mbwemkuru Rekodi. Makondakta wa mabasi walikuwa wanachukua kanda kwa dazeni na kuziuza njiani mpaka Kibiti. Baadaye zikaja sidii. Halafu wenye vibanda wakaanza kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi, na kampuni ikakaa miaka miwili bila kazi nyingine isipokuwa kurekodi matangazo ya sumu ya panya.

Zuwena hakuwa mtu wa kukaa chini akalilia zamani. Alipanda basi akaenda Dar es Salaam, akahudhuria semina ya siku mbili, akarudi na mkataba wa kampuni moja inayosambaza nyimbo mtandaoni na kwenye simu. Aliyekuwa anashughulika naye huko aliitwa Frank, kijana mwepesi wa maneno, ambaye kila alichokisema alikisema kama mtu anayewahi kivuko.

"Dada Zuwena, huku mtandaoni tutapakia nyimbo nzima, sawa," Frank alimwambia. "Lakini watu wa kusini hawana bando la kuchezea. Kwenu kinachotembea ni wimbo wa mwito, ule anaousikia anayepiga simu kabla hajapokelewa. Mtu anasubiri sekunde ishirini, thelathini, zikizidi sana arobaini. Hapo ndipo duka lako lilipo. Nipe arobaini zinazoshika."

Basi Zuwena akakaa na Twalib, fundi mitambo aliyekuwepo tangu enzi za kanda, wakaanza kuzikata nyimbo. Walizikata kwa wiki nzima, qaswida, taarabu, kwaya na ngoma za jando, thelathini na moja kwa jumla. Nyingi hazikuwapa shida. Kiitikio kinajulikana, unakichukua, unakiweka mbele, basi.

Siku ya nne wakaufikia wimbo wa kwaya ya kigango kimoja cha Njinjo. Ulikuwa na dakika tisa. Zuwena aliukumbuka vizuri, kwa sababu mwaka 2018 alikwenda mwenyewe na Twalib kuurekodi ndani ya kanisa, na mwimbaji aliyeongoza, Genoveva, aliomba watoto wote watolewe nje kabla hajaanza. Ulikuwa wimbo wa kisa, kama kwaya za kule zinavyopenda. Wanawake wanaanza kwa kuvumisha sauti, ngoma inaingia taratibu, na kwenye dakika ya pili Genoveva anapasua:

*Nilikuita, ulikuwa wapi?*
*Nilituma mtu, ulikuwa wapi?*
*Watu wote walikuja, wewe wa Somanga, ulikuwa wapi?*

Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kulia au anayejizuia asicheke. Zuwena akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Hapa."

"Wimbo haujafika hapa," Twalib akasema. "Hapa ndiyo kwanza anamgombeza. Kisa kinageuka mbele."

"Najua. Lakini sauti iko hapa. Anayepiga simu hana dakika tisa, kaka Twalib."

Twalib hakubishana. Akakata, akaufifisha mwisho ili usikatike ghafla kama kamba, akahifadhi. Zuwena akampigia simu Xaveri, mwalimu wa kwaya, akamweleza kwamba nyimbo zao sasa zitaingia kwenye simu. Xaveri akafurahi, akaisaini karatasi aliyotumiwa kwa basi, akairudisha kwa basi.

Kilichofuata hata Frank hakukitegemea. Ilikuwa msimu wa korosho, simu zinapigwa mchana kutwa kati ya wakulima, makarani wa ghala na madereva wa malori, na wimbo ukaanza kutembea. Ukimpigia mtu wa Masasi, "ulikuwa wapi". Ukimpigia karani wa Nachingwea, "ulikuwa wapi". Katika zile sekunde arobaini hapakuwa na neno hata moja la kumjulisha msikilizaji kwamba huo ulikuwa wimbo wa msiba. Watu waliuchukua kama ugomvi wa mapenzi. Wake waliuweka ili waume zao wausikie wakipiga simu kusema watachelewa, na waume nao wakauweka kwa kulipiza. Na yale maneno ya "wewe wa Somanga" yaliwachekesha watu zaidi kuliko yote.

"Umetisha, dada," Frank akamwambia. "Kusini yote huu ndio wa kwanza."

Zuwena akauweka kwenye simu yake na kwenye simu ya ofisi. Akampa Twalib nyongeza. Kwaya ya Njinjo ikapata fungu lake, Xaveri akanunua kinanda, na kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afariki, Zuwena akapaka rangi mlango wa ofisi.

Jumatatu moja, kwenye saa tano asubuhi, akapigiwa simu na namba asiyoijua. Alikuwa uani akifua; aliporudi ndani akakuta ameshapigiwa mara mbili. Ya tatu akaipokea.

"Wewe ndiye mwenye huu wimbo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake ngurumo za magari.

"Ni wa kampuni yetu, ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Nimekupigia mara tatu. Mara zote tatu umenigombeza kwanza kwa sauti ya dada yangu, ndipo ukaniuliza mimi nani."

Zuwena akasogea dirishani apate kusikia vizuri.

"Mimi ndiye wa Somanga," yule mwanamke akasema. "Naitwa Fortunata."

Hakutukana wala hakupaza sauti. Alisema kwamba pale Somanga yeye ndiye mtu pekee aliyetoka Njinjo, na kila mmoja analijua hilo. Anauza samaki na wali barabarani, na sasa ni mwezi wa pili haitwi tena kwa jina lake. Akasema alikuwa anataka tu kujua nani aliyeuza jambo hilo, na sasa amejua. Akakata.

Zuwena akaiweka simu mezani. Kilichomuuma zaidi hakikuwa ile lawama ya Fortunata, bali hili: wimbo mzima alikuwa anaujua. Alikuwepo kanisani siku ile. Alijua dakika ya saba inasema nini, na alijua kwamba Twalib alimwambia. Angeweza kujitetea kwa kila mtu isipokuwa kwa fundi wake na kwa nafsi yake.

Kesho yake alfajiri akapanda basi la Dar, akateremka Somanga kabla ya adhuhuri.

Banda la Fortunata halikumpa tabu kulipata. Lilikuwa la makuti, kando ya lami, mahali mabasi yanaposimama kidogo abiria wakanunua chochote. Mama mnene wa miaka hamsini hivi alikuwa amesimama mbele ya karai la mafuta, akigeuza samaki aina ya changu. Zuwena hajamfikia, basi likapunguza mwendo, kondakta akatoa kichwa mlangoni akasema, "Ulikuwa Wapi, nifungie wawili." Alilisema kama jina, bila kejeli, kama ambavyo angemwita mtu Mama Salima. Fortunata akafunga samaki wawili kwenye gazeti, akapokea hela, hakuinua macho.

"Habari za kazi, dada," Zuwena akasema. "Mimi ni Zuwena, wa jana kwenye simu."

Fortunata akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Umekuja kutoka Lindi?"

"Ndiyo."

"Kaa hapo basi. Nina samaki motoni."

Zuwena akakaa kwenye benchi. Alisubiri mpaka wateja walipopungua kidogo, kisha akamwomba radhi bila kuzunguka. Akasema kile kipande alikichagua yeye, si Genoveva, si kwaya. Halafu akauliza, "Wimbo mzima umewahi kuusikia?"

"Nilichosikia kinanitosha."

"Hakitoshi. Nakuomba tu dakika tisa. Baada ya hapo nifukuze."

Akauwasha kwenye simu akampa. Malori yalikuwa yanapita, kwa hiyo Fortunata aliibana simu sikioni kwa bega, na mikono ikaendelea na kazi. Zuwena alijua wimbo ulipofika kwa kuangalia uso wake. Kwenye dakika ya pili uso ulikunjamana. Kwenye dakika ya nne, pale mama anapotajwa na kaburi linapofunikwa, mkono uliacha kugeuza samaki. Kisha ikafika sehemu ile:

*Mjumbe hakufika, alilewa njiani,*
*nawe ulikuwa kitandani, umeshonwa tumbo,*
*mimi nikakuhukumu mbele ya watu.*
*Kosa ni langu, mwana wa mama,*
*nifungulie mlango.*

Samaki wakaungua. Fortunata akawaepua, akawatupia kuku, akaketi.

Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayemsimulia mgeni jambo la kawaida. Mwaka 2014 mama yao aliugua, na Genoveva akamtuma mtu, Dominick, jirani yao, aje Somanga amwite. Dominick hakufika. Siku hizo hizo Fortunata mwenyewe alikuwa amelazwa Kivinje, amepasuliwa kwa uzazi, na mtoto hakupona. Alipata habari za msiba baada ya wiki mbili, kwa abiria. Akaenda Njinjo akiwa bado anatembea ameinama. Na mlangoni, mbele ya majirani, Genoveva hakumpa hata maji. Alimuuliza maneno yale yale. Fortunata akageuka, akarudi barabarani. Tangu hapo hakwenda tena.

"Huu ameuimba lini?" akauliza.

"Mwaka 2018."

"Kwa hiyo miaka yote hii amekuwa anaomba msamaha kwa watu wa kanisani." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi ndiye niliyekosewa, na mimi ndiye pekee ambaye sikuambiwa."

Zuwena alikuwa amekuja akidhani wimbo mzima utaponya alichokiharibu kwa wimbo nusu, na sasa aliona kwamba haikuwa hivyo.

"Unataka tufanye nini, dada Fortunata?"

"Kitoeni hicho kipande. Hilo la kwanza. Mengine ni ya kwangu na yeye, hayakuhusu."

Kukitoa halikuwa jambo la kubonyeza kitufe tu, maana mkataba ulitaka kwaya nayo ikubali. Basi Zuwena hakurudi Lindi. Alilala Nangurukuru kwa binamu yake Mwahija, na asubuhi akachukua bodaboda mpaka Njinjo, vumbi likamfanya aonekane mzee.

Alimkuta Genoveva nyumbani akipeta ufuta, na Xaveri alikuwa pale pale, kwani wiki ile walikuwa wanaongea juu ya nyimbo za Kwaresima. Genoveva alikuwa amekaribia miaka sitini, mrefu, mkavu, na alipozungumza hakuna ambaye angedhani sauti ile ilikuwa inatoka kwenye kifua kile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Mbona umekuja bila mashine zako?"

Nyumbani kwa Genoveva simu haikushika mtandao, na mwenyewe hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa amesikia kwamba wimbo wao unapendwa, basi. Zuwena akamchezea kipande. Sekunde arobaini zikaisha, na Genoveva akaendelea kusubiri.

"Kimekwama?"

"Hapana, dada. Kinaishia hapo."

"Kinaishiaje hapo?"

Zuwena akamweleza yote, mpaka jina jipya la mdogo wake na samaki walioungua. Genoveva akaweka ungo chini. Xaveri akaona aseme jambo.

"Lakini tuangalie na upande mwingine," Xaveri akasema. "Kwaya yetu haijawahi kusikika hivi. Watu wa mikoa mitatu wanatusikia."

"Wanamsikia nani?" Genoveva akamuuliza. "Wanamsikia yule mwanamke aliyesimama mlangoni akamnyima ndugu yake maji. Huyo ndiye niliyekuwa namkataa kwenye wimbo. Nilimtaja ili nimkatae." Akamgeukia Zuwena. "Nilikupa wimbo mzima. Nilikwambia siku ile, nina mdogo wangu Somanga, mabasi yanapiga sidii zenu, atasikia. Ukweli niliujua baadaye, nikaona aibu kwenda mwenyewe, nikakutuma wewe."

"Ulinituma, ni kweli."

"Basi wewe na Dominick ni kitu kimoja."

Neno hilo Zuwena alirudi nalo mpaka Lindi. Lakini pale pale Genoveva aliisaini karatasi ya kutoa kipande, na Xaveri naye, baada ya kukuna kichwa kwa muda, akasaini chini yake.

Frank hakufurahi. "Dada, huo ndio unaobeba kampuni yako. Waliouweka hawaujui huo msiba, kwao ni utani tu. Usiwanyang'anye watu raha yao kwa sababu ya mtu mmoja."

"Huyo mtu mmoja ndiye aliyeimbiwa, Frank."

"Tuukate upya basi. Mwisho wake hauna kitu?"

"Unacho. Lakini safari hii hachagui mtu wa Lindi."

Akatuma kwa kampuni ya Frank barua yenye muhuri, na kukitoa kipande kukachukua siku kumi na sita. Katika siku hizo, Xaveri na Genoveva walipanda kwenye kichuguu kimoja cha Njinjo ambako simu hushika, wakasikiliza wimbo mara nyingi, wakabishana, na mwishoni Genoveva akataja sekunde anazozitaka: kuanzia dakika saba na sekunde kumi na mbili, mpaka dakika saba na sekunde hamsini na mbili. "Kosa ni langu, nifungulie mlango." Twalib akazikata kama alivyoelekezwa, hakuongeza wala hakupunguza.

Hazikupendwa. Waliouweka mwito ule hawakufika mia moja. Watu walipiga ofisini kuuliza mbona wimbo wao wa kuchekesha umeondolewa na kuwekwa mtu anayelia. Mwezi ulipoisha, kampuni ilikuwa imerudi karibu pale ilipokuwa kabla ya korosho, na Zuwena akaanza tena kurekodi matangazo. Hata hivyo alibadilisha jambo moja. Kila aliyekuja na wimbo, awe mwalimu wa madrasa au kikundi cha ngoma, aliketishwa mbele ya Twalib achague mwenyewe sekunde zake, na kuziandika kwa mkono wake kwenye fomu. Kazi ikawa ndefu mara tatu. Bi Warda wa taarabu alitumia mchana mzima akakataa kuchagua, akaondoka na wimbo wake. Wengine walichagua vibaya, kwa masikio ya Zuwena, na yeye akanyamaza, ingawa kunyamaza kulimgharimu.

Habari za Njinjo na Somanga hakuzifuata. Aliambiwa hazimhusu, na yeye alikubali hivyo.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zimeshika, Fortunata alipopiga simu. Hakusema salamu ndefu. Alitaka kujua kama Zuwena anamfahamu mtu Lindi anayeuza makarai makubwa ya chuma, yale mazito, maana ya Kilwa yalikuwa mepesi na yanaunguza samaki. Zuwena akamtajia duka. Wakazungumzia bei, wakazungumzia nani atalipakia kwenye basi. Kisha Fortunata akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Dada yangu alikuja."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Alikaa siku nne. Tatu za kwanza tuligombana, mpaka Benjamin wa pikipiki akawa anapita mbali na banda langu. Alikuwa na yake ya kusema, na mimi nina yangu ya miaka tisa. Ya nne tukala."

Zuwena akauliza alichokuwa hana haki ya kuuliza, kama Genoveva alimwimbia ule wimbo.

"Aimbe nini," Fortunata akasema. "Aliongea."

Halafu akasema basi limesimama, ana wateja, na karai lisichelewe.